Digrii Sitini na Nne

Binti yake ndiye aliyegundua kwanza, akiwa amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, anapima pindo la gauni jipya.

"Mama, simama wima."

"Nimesimama wima."

"Hujasimama. Upande huu gauni linagusa kifundo cha mguu, upande huu limepanda vidole vinne. Nyoosha bega."

Mama Vioo akanyoosha bega. Akavuta pumzi, akabana tumbo, akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Binti akasogea nyuma kumtazama, kisha akazitoa zile pini mdomoni moja moja bila kusema kitu. Ukimya ule ndio uliomtisha mama mtu. Huyu binti yake tangu azaliwe mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo.

"Basi fundi alikosea kukata," mama akasema.

"Fundi gani, mama? Gauni nimelishona mwenyewe."

Jina la Mama Vioo lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikata vioo: vya madirisha, vya makabati, vya fremu za picha, na vile vya kujitazamia. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye meza moja kubwa iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Aliinama juu ya meza ile, karibu alale kabisa, akapitisha almasi yake ndogo ya kukatia mara moja tu, kisha akagonga kwa chini, na kioo kikaachana palepale alipotaka. Wateja walisema ana mkono wa baraka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyefanya naye kazi tangu duka lifunguliwe, alisema si baraka wala nini, ni ukali tu: hata vioo vinamwogopa.

Mgongo wake ulikuwa na upinde tangu usichana. Nesi wa shuleni alimpapasa, akamwandikia mama yake barua fupi kwamba mtoto amepinda kidogo na atakua nao. Akakua nao. Akaolewa nao, akazaa watoto wawili, akabeba vioo virefu kuliko yeye. Upinde ule ulikaa kama mpangaji asiye na matata. Halafu umri ukavuka hamsini na mpangaji akaanza kubomoa kuta.

Yapo mambo ambayo hakumwambia mtu. Kwamba kwa zaidi ya mwaka, ikifika saa nne asubuhi, mguu wake wa kushoto ulikuwa unaingia ganzi kuanzia pajani. Kwamba alipoegemea meza na kufumba macho, shemeji akidhani anapiga hesabu ya vipimo, alikuwa anasubiri mgongo umrudishie pumzi. Kwamba vile vioo vikubwa vya kujitazamia alivigeuza vyote vitazame ukuta, akasingizia vumbi. Mama yake alizoea kusema mficha maradhi, kilio humfichua. Msemo huo yeye mwenyewe aliwahi kuwatolea wengine, na kwa sauti kubwa.

Baada ya siku ile ya gauni, binti hakumwachia nafasi. Wiki mbili baadaye walikuwa mbele ya daktari bingwa wa mifupa, mwanaume mwembamba aliyeongea taratibu na kuosha mikono hata pale ambapo hakumgusa mtu. Alipachika picha ya eksirei kwenye taa ya ukutani. Mama Vioo alitazama, akadhani ni ya mtu mwingine. Uti ule ulitoka shingoni ukiwa na nia njema, ukafika katikati ya mgongo ukaghairi, ukaenda zake kulia, kisha ukarudi kiunoni kwa haraka kama aliyesahau kitu.

"Katika faili lako kuna picha ya kifua uliyopigwa miaka minne iliyopita ulipokuwa na kikohozi," daktari alisema. "Nimeipima. Ilikuwa digrii hamsini na moja. Leo ni sitini na nne."

"Na mwakani?"

"Mgongo hauna kalenda, mama. Ila haurudi nyuma."

Binti akauliza kuhusu upasuaji. Daktari akavuta kiti, akakaa, na Mama Vioo akajua kwamba mtu anayekaa kwanza hana habari fupi.

Kazi ya saa nane hadi kumi, alisema. Skrubu zaidi ya ishirini na fito mbili za chuma, kuanzia katikati ya mgongo hadi kwenye nyonga. Pingili zitaunganishwa ziwe kitu kimoja. "Kiunoni hutainama tena. Kiatu utavaa ukiwa umekaa, au utavalishwa. Na hiyo meza yako ya kazi, kulala juu yake basi."

"Nikiamka."

"Wengi sana wanaamka." Aliosha tena mikono, akiwapa mgongo. "Lakini sitakudanganya. Katika watu kumi kama wewe, watatu au wanne hupata tatizo baadaye. Kidonda kuingia wadudu. Mguu kukosa nguvu. Chuma kukatika. Wengine hurudi kwenye meza ya upasuaji mara ya pili."

"Na wasiofanyiwa?"

"Wapo wanaozeeka nao salama. Wewe mguu umeshaanza. Na hizi mbavu," akagusa picha, upande ambao mbavu zilikuwa zimebanana kama vidole vya ngumi, "zinaukaba huu upande wa pafu. Siku pumzi ikipungua sana, wenzangu wa dawa ya usingizi watanikatalia. Kwa hiyo sikuambii fanya, sikuambii acha. Nakuambia mlango bado uko wazi. Nipe jibu ndani ya miezi miwili."

Nje, kwenye benchi la korido, binti alipokwenda kuchukua dawa za maumivu, mwanamke mmoja mwenye mvi alimsogelea. Alikuwa amepinda kwa mbele kiasi kwamba ili kumtazama mtu alilazimika kuinua nyusi kwanza, kisha macho, kisha uso.

"Umepewa ngapi?" aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Digrii."

"Sitini na nne."

"Mimi sabini na mbili. Nimekushinda." Akacheka, meno yote nje. "Nilifundisha jiografia miaka thelathini na tano. Sasa nasoma ramani ya sakafu tu. Hospitali hii ina vigae vilivyopasuka kumi na tisa kutoka lango hadi hapa."

Mama Vioo akajikuta anacheka pia, mara ya kwanza tangu gauni lile. Wakakaa pamoja karibu saa nzima. Mwalimu alikuwa tayari amepangiwa siku, Jumanne baada ya wiki mbili. Wanawe watatu walimtaka afanyiwe. Alikuwa anaogopa, na alisema anaogopa, bila kupamba.

"Tufanye hivi, mdogo wangu," alisema wakati binti anarudi na mfuko wa dawa. "Mimi natangulia. Siku ya kumi nitakupigia simu nikuambie ukweli. Usisikilize wa daktari, na wanangu nao watakupamba tu. Subiri wangu. Kisha uamue."

"Dada, usinisahau."

"Mwalimu hasahau. Nina majina ya watoto wa darasa la kwanza kabisa nililofundisha."

Nyumbani mambo yalikuwa mawili. Binti alitaka upasuaji hata kesho. Mume wa Mama Vioo, dereva wa lori mstaafu, mtu mpole mwenye sauti nzito, hakutaka kulisikia neno lenyewe. Likitajwa mezani aliinuka na sahani yake.

"Mama yangu aliingia hospitali kwa miguu yake," aliwahi kusema, mara moja tu. "Walituambia ni jambo dogo. Tulimtoa amefunikwa."

"Baba, huo ulikuwa wakati mwingine," binti akajibu.

"Wakati ni uleule. Waliobadilika ni madaktari."

Dukani, shemeji alijaribu kuleta utani, maana utani ndio ulikuwa mkate wake. "Shemeji, wakikunyoosha utakuwa mrefu kuliko kaka. Tutamtafutia kigoda cha kupandia."

"Kigoda tafuta cha kwako. Wewe ndiye unayeazima kimo cha ngazi kila siku."

Mama Vioo alicheka, lakini ndani alikuwa anahesabu siku. Jumanne ya Mwalimu ikafika. Mama Vioo alifanya kazi kutwa akitazama saa, akijua kwamba pale, katika chumba asichokijua, mgongo wa mwenzake umefunguliwa. Saa tatu. Saa saba. Saa kumi. Akasema kimoyomoyo, sasa wanashona.

Siku ya kumi simu haikulia. Akajiambia labda Mwalimu amekosea hesabu. Ya kumi na mbili akapiga yeye. Iliita hadi ikakoma. Ya kumi na tatu iliita mara mbili ikakatwa, na alijua imekatwa na kidole cha mtu, kwa jinsi ilivyonyamaza ghafla. Kuanzia ya kumi na tano ikawa imezimwa kabisa.

Hakumwambia binti. Hakumwambia mumewe, kwani angekuwa anamkabidhi ushindi. Aliibeba simu katika mfuko wa aproni na kuitoa kila dakika kumi, hadi shemeji akamuuliza kama amepata mchumba.

Ndipo likatokea la kioo.

Ilikuwa asubuhi, wanapeleka kioo cha dirisha la duka la dawa, mtaa wa pili tu. Kioo kirefu, kizito, watu wawili, wameshika kila mmoja upande wake kwa glavu na matambara. Mama Vioo alikuwa nyuma. Walikuwa wamebakiza hatua sita kufika. Alikanyaga ukingo wa barabara kwa mguu wa kushoto, na mguu haukuwepo. Haukuuma, haukuteleza. Haukuwepo tu, kana kwamba mtu ameuchomoa kwa chini. Akaenda na goti, upande wake wa kioo ukagonga zege, na kioo chote kikatoa mlio mmoja mfupi kikaachana vipande virefu. Shemeji alikuwa bado ameshika upande wa juu. Kipande kimoja kilishuka ndani ya mkono wake, kuanzia karibu na kiwiko hadi juu kidogo ya glavu.

Hakulia. Alitazama mkono wake kwa mshangao, akasema, "Shemeji, leo umekata bila kupima," kisha akakaa chini barabarani, rangi imemtoka.

Walimshona nyuzi ishirini na mbili. Vidole viwili vya mwisho havikuweza kukunjika vizuri, na daktari wa dharura alisema labda vitarudi, labda havitarudi. Mama Vioo alikaa kando ya kitanda cha shemeji akiwa na damu iliyokauka kwenye aproni, na kila mtu aliyeingia alimuuliza kama na yeye ameumia. Alijibu hapana. Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amedhani kwamba kusubiri ni kukaa kando na hatari, kwamba asiyechagua hana lawama. Sasa mkono wa mtu mwingine ulikuwa umelipia kusubiri kwake.

Siku ya tatu baada ya hapo alikwenda kumtafuta Mwalimu. Wodini walimwambia hawatoi habari za wagonjwa kwa asiye ndugu. Lakini alikumbuka, katika ile saa ya benchi, Mwalimu alisema nyumba yake iko nyuma ya shule aliyostaafia, geti la bluu, na kwamba kengele ya mapumziko bado humwamsha. Akaenda mchana, kwa mwendo wa kupumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme.

Mwanaume wa makamo alifungua geti nusu. Alikuwa na nyusi za Mwalimu.

"Mama hapokei wageni."

"Mwambie ni wa sitini na nne."

"Samahani?"

"Mwambie hivyo hivyo, mwanangu."

Akasita. Kabla hajafunga, sauti ikatoka ndani, nyembamba, imekwaruzika, lakini ni ileile. "Mwache apite. Na wewe nenda kachemshe maji."

Chumba kilinuka dawa ya kusafishia vidonda, na chini yake harufu nyingine ambayo dawa haikuweza kuifukuza. Mwalimu alikuwa amelala chali, amenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mrija mwembamba ulitoka chini ya shuka na kuishia kwenye chupa sakafuni.

"Sikukupigia," alisema.

"Nimeona, dada."

"Kidonda kiliingia wadudu. Wamenifungua mara ya pili, na ya tatu. Mguu huu wa kulia hauinuki kwenye kifundo, unaning'inia kama wa mwanasesere. Simu ni mimi niliyewaambia waizime." Akakusanya pumzi. "Nilikuahidi ukweli. Kila nikiamka ukweli unakuwa mwingine. Asubuhi najilaani. Mchana akija mjukuu wangu nasema afadhali. Sasa ningekuambia upi?"

Mama Vioo alikaa kwenye ukingo wa kiti kwa sababu mgongo haukumruhusu kukaa ndani.

Mwalimu akamwita mwanawe. "Nisimamishe."

"Mama, daktari alisema mara mbili tu kwa siku."

"Nisimamishe, nataka huyu anione."

Ilichukua muda mrefu. Alimgeuza ubavu, akamshusha miguu, akamfunga mkanda mpana kifuani, kisha mama na mwana wakakumbatiana na kuinuka pamoja kama watu wanaocheza dansi ya huzuni. Na Mwalimu akasimama. Alikuwa mrefu. Alimzidi Mama Vioo kichwa kizima. Jasho lilimtiririka, midomo ikawa ya majivu, lakini macho yalitazama mbele moja kwa moja, bila nyusi kuinuka.

"Miaka saba sikuwahi kuuona uso wa mwanangu bila kuomba shingo ruhusa," alisema. "Ona alivyozeeka, maskini. Hakuna aliyeniambia."

Mwanawe akageuza uso pembeni.

Walipomlaza, alimshika Mama Vioo kidole kimoja, akakibana. Mkono wake ulikuwa wa moto kuliko mkono wa binadamu unavyopaswa kuwa. "Usiniulize kama ningerudia."

"Sitakuuliza."

"Vizuri. Maana ningekujibu, na lingekuwa jibu langu, si lako."

Mama Vioo alitoka nje. Alisimama kwenye geti la bluu kwa muda, kengele ya shule ikilia na watoto wakimiminika nje, na kitu alichokuwa amekitarajia, yaani mtu wa kumwambia nenda au usiende, kilikuwa kimekufa. Hakukuwa tena na wa kumsubiri.

Kesho yake alikwenda peke yake kupima pumzi. Walimpa mrija, wakamwambia apulize mpaka mwisho. Akapuliza. Mtaalamu akatazama karatasi, akamwambia arudie, huenda midomo haikubana vizuri. Akarudia. Mtaalamu akatazama tena, na safari hii hakusema arudie.

"Ni nusu?" aliuliza Mama Vioo.

"Chini kidogo ya nusu ya kawaida, mama."

Alimkuta mumewe barazani anatengeneza redio. Akakaa mbele yake na kumwambia yote kwa mpigo mmoja: ganzi, vioo alivyogeuza, Mwalimu na mrija wake, karatasi ya pumzi. Mume hakuinuka. Aliweka bisibisi chini kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Hizi ngazi tatu za baraza," alisema, "unapumzika mara mbili. Nimekuona. Nikaanza kutoka nyuma ya nyumba ili nisikuone."

"Unasemaje, basi?"

"Mimi ni mwoga, mke wangu. Nilidhani nikikataa kwa sauti kubwa, huko ndani ya mgongo kutasikia." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikisema nenda na ukafa, nimekuua. Nikisema usiende na ukafa, nimekuua. Sema wewe. Nitakuwa hapo."

"Nitafanya."

Alilisema kwa upole, na mara tu lilipotoka alihisi hofu ikimpanda kutoka miguuni, nzito, haina haraka, kama maji yanayoingia ndani ya nyumba.

Wiki zilizobaki alimfundisha shemeji kukata duara, kazi pekee ambayo hakuwahi kumwachia. Shemeji alikata kwa vidole vitatu na kuvunja vioo vinane. Alipofaulu cha tisa hakushangilia. Alikiweka mezani, akasema, "Sasa huna sababu ya kurudi, shemeji," akiwa na nia ya kutania. Wote wawili wakajifanya wanatafuta ufagio.

Asubuhi yenyewe daktari alimletea fomu ya idhini. Mama Vioo aliisoma yote, mstari kwa mstari, ilhali nesi anatazama saa. Kulikuwa na orodha. Neno la mwisho katika orodha lilikuwa kifo, limeandikwa kwa herufi ndogo sawa na mengine. Akatia sahihi. Mkono haukutetemeka, mkono wake haukuwahi kutetemeka mbele ya mstari. Mumewe alitembea kando ya kitanda hadi kwenye milango miwili ya chuma, na pale walimzuia. Alibaki ameshika kandambili za mkewe.

Mama Vioo alipofumbua macho, mtu alikuwa anamwambia achezeshe vidole vya miguu. Vya kulia vikacheza. Vya kushoto akavituma, akavituma tena. Uso wa daktari ulikuwa juu yake, umefunikwa barakoa, na macho yake hayakuwa yanapepesa.

"Kidole kikubwa," daktari alisema. "Hicho tu. Jaribu."

Kikacheza. Kidogo sana, kama samaki aliyedhaniwa amekufa. Daktari akafumba macho kwa sekunde moja, na Mama Vioo akaelewa kwamba naye alikuwa anaogopa.

Siku ya tatu pumzi ilimkimbia. Walimhamisha chumba cha wagonjwa mahututi, wakamwekea mashine, na kwa siku tano familia yake ilimwona kupitia dirisha. Mumewe hakuondoka korido ile. Siku ya sita ya mashine akatolewa mrija kooni, na neno lake la kwanza, kwa sauti ya mlango mkavu, lilikuwa kuuliza kama shemeji amefunga duka vizuri.

Alirudi nyumbani akiwa amerefuka sentimita sita. Mateso ya miezi ile hakupenda kuyasimulia baadaye. Alivalishwa, aliogeshwa, aligeuzwa kama gogo. Wageni walimsifu: umenyooka, umependeza, umekuwa kijana. Aliwashukuru. Kila alipouliza kuhusu Mwalimu, binti alijibu anaendelea, mama, anaendelea. Ni shemeji aliyeshindwa, kwa kuwa uongo ulikuwa haumkai usoni. Siku moja aliulizwa ghafla, akaangalia dari, akasema, "Wiki tatu sasa tangu azikwe, shemeji. Wanawe walituomba tusikuambie mpaka upate nguvu."

Wana wa Mwalimu walipokuja kumjulia hali walisema haikuwa mgongo, ilikuwa moyo. Walisema hivyo wakiangalia mikono yao.

Lakini mwili una ukaidi wake. Mwezi wa saba baada ya upasuaji alitembea hadi dukani bila kusimama hata kwenye nguzo moja. Ganzi ilibaki kwenye unyayo tu. Alipanda ngazi na pumzi ikabaki palepale kifuani, utadhani kazi hiyo si yake. Hakuweza tena kuinama juu ya meza, kwa hiyo alisimama upande wa pili akimwelekeza shemeji, akimkosoa, hadi shemeji akasema heri zamani, ulipokuwa umepinda ulikuwa huoni makosa yote. Jioni moja mumewe alimuona ameegemea mlango wa duka, amecheka mpaka machozi, na akaenda nyuma ya gari la mteja kulia peke yake, mzee mzima.

Baada ya mwaka na miezi miwili alikwenda kupimwa kama kawaida. Daktari alipachika picha ukutani. Fito mbili nyeupe, skrubu zimejipanga pande zote mbili. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaenda kuosha mikono, na Mama Vioo akajua kabla hajaambiwa.

"Hapa chini, upande wa kushoto," daktari alisema. "Unauona huu mstari?"

Aliuona. Maisha yake yote alikuwa ameishi na mistari ya namna ile. Mwembamba kuliko unywele, umeingia kwenye chuma kutoka ukingoni, haujafika ng'ambo.

"Ufito umepasuka."

"Umeanza. Ina maana mfupa wa hapo haukushikana vizuri. Inawezekana ukabaki hivyo miaka mingi. Inawezekana ukakatika wote. Tunaweza kukufungua tena, sehemu hiyo tu, tubadilishe. Au tungoje."

"Ungekuwa wewe?"

"Mama, swali hilo nilikataa kulijibu mara ya kwanza."

"Najua. Nilitaka kuona kama umebadilika."

Akavaa viatu akiwa amekaa, kwa kile chuma kirefu cha kuvutia kisigino, bila kuharakisha. Daktari alimwandikia tarehe ya miezi mitatu na kumwambia asibebe kitu chochote kizito, na ikisikika kama kitu kinagonga mgongoni, aje siku hiyohiyo.

Mumewe alikuwa kwenye benchi la uani anamenya chungwa. Alipomwona tu, kisu kikasimama.

"Amesemaje?"

Mama Vioo alishuka polepole, ameshika ukingo wa benchi, mgongo wote ukiwa kitu kimoja, akakaa kando yake. Watu walikuwa wanapita na mafaili yao. Akamwambia yote, tangu mstari hadi tarehe, hakubakiza hata neno. Mume alisikiliza hadi mwisho, akagawa chungwa, akampa nusu. Wakala kimya, wote wawili wakiwa wametega sikio.